Aria Bila Opera: Mwimbaji wa Riwaayad katika Masikio ya Garissa

Neno riwaya ni la asili ya Kiarabu, na lilipoingia katika lugha za Afrika Mashariki lilishika njia mbili. Kiswahili kililipa maana ya hadithi ndefu ya kubuni, iliyoandikwa kwa nathari na kukusudiwa msomaji aliyeketi peke yake. Kisomali nacho kililichukua, kikalitamka riwaayad, kikalipa maana ya mchezo wa jukwaani ambao viungo vyake vikuu ni mashairi yanayoimbwa. Mwanafunzi wa Garissa anayesomea fasihi ya Kiswahili hukutana na neno hilo darasani akiwa tayari analo la nyumbani, na pengine hupita muda kabla hajatambua kwamba mwalimu wake anazungumzia kitu kingine kabisa. Tofauti hiyo inazusha swali ambalo uhakiki haujalipa uzito unaostahili: yule mwanamke anayeimba katika riwaayad ni nani? Ni fanani, ni mhusika, au ni mtu aliyeazimwa sauti na mtunzi?

Katika tanzu za Ulaya hakuna unaoikaribia riwaayad kuliko opera. Ulinganisho huu una hatari zake. Katika opera mwenye kazi ni mtunzi wa muziki, na jina la aliyeandika maneno aghalabu husahauliwa. Katika riwaayad mwenye kazi ni abwaan, yaani mshairi, na lahani hutafutwa ili iyabebe maneno yake. Hata hivyo muundo wa ndani unafanana kwa namna isiyoweza kupuuzwa. Opera ya zamani ina aria, ambamo mhusika husimama na kuimba yaliyomo moyoni, na ina sehemu za kati zinazosukuma kisa mbele kwa usemaji wa nusu wimbo. Riwaayad nayo ina mashairi yaliyokamilika, na kati yake mna mazungumzo ya nathari. B. W. Andrzejewski, aliyeutafsiri mchezo wa Hassan Sheikh Mumin wa mwaka 1968 uitwao Shabeelnaagood, yaani chui miongoni mwa wanawake, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1974, alionyesha kwamba hadhi ya sehemu hizo mbili haikuwa sawa. Mashairi yalihifadhiwa neno kwa neno. Nathari waigizaji waliweza kuinyoosha au kuifupisha kulingana na hadhira ya usiku huo.

Andiko la kushika mkononi halikuwapo. Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi mwaka 1972, serikali ya Siad Barre ilipoamua kwamba kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Kwa hiyo kitabu cha mchezo kilikuwa kumbukumbu ya mwimbaji, na kitabu hicho kilikuwa na sheria kali. Ushairi wa Kiswahili hupenda kina mwishoni mwa kipande. Ushairi wa Kisomali hutia kina mwanzoni mwa neno, na sauti iliyochaguliwa hutakiwa kurudi katika mshororo baada ya mshororo hadi shairi liishe. Mtunzi akichagua sauti ya b, basi b ndiyo itakayomtawala. Mwimbaji akibadilisha neno moja kwa kusahau, hadhira husikia pengo kama mtu asikiavyo jino lililong'oka. Ni makosa, basi, kumhesabu mwimbaji huyu kuwa mtumbuizaji tu. Alikuwa mhifadhi wa matini.

Mafunzo yake hayakuwa ya chuo mfano wa Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1944, ambako sauti hunolewa kwa piano na kwa noti. Chuo chake kilikuwa redio ya Hargeisa au ya Mogadishu, na walimu wake walikuwa wapiga udi na washairi waliomkaririsha mstari hadi ukakaa. Baadaye lilikuja jumba. Jumba la Taifa la Michezo la Mogadishu, lililojengwa na wahandisi wa Kichina, lilifunguliwa mwaka 1967, na kundi la Waaberi, ambalo jina lake lina maana ya mapambazuko, likawa kundi la dola. Mwimbaji wa Waaberi alikuwa mtumishi wa serikali. Hapa napo opera inasaidia kuelewa, kwa sababu majumba makubwa ya opera ya Ulaya yaliishi kwa fedha za wafalme, kisha za serikali, na waimbaji wake walijua kwamba mkono unaolipa unaweza pia kufunga mlango.

Kabla ya jumba, hata hivyo, palikuwa na kikwazo cha jina. Katika michezo ya awali sehemu za wanawake ziliigizwa na wanaume, kwa kuwa mwanamke aliyepanda jukwaani aliweka rehani heshima yake na ya jamaa zake. Shamis Abokor, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kusikika redioni, alijulikana kwa jina la Guduudo Carwo, na jina hilo la kupanga lilikuwa pazia. Halima Khaliif Omar, aliyezaliwa Dhusamareb katika miaka ya 1940, aliitwa Magool, neno lenye maana ya kuchanua. Ukoo wake haukulitoa jina hilo, ila jamii ya wasanii, na hatimaye alitukuzwa kwa jina la Hooyada Fanka, mama wa sanaa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Siti binti Saad naye alizaliwa akiitwa Mtumwa, na Siti ni heshima aliyopewa baada ya sauti yake kuwashinda waliomdharau. Kwa waimbaji hawa jina la jukwaani halikuwa pambo. Lilikuwa kibali cha kuingia mahali ambapo jina la kuzaliwa lisingeruhusiwa.

Hadi hapo mambo ni ya Mogadishu na Hargeisa. Garissa iko upande mwingine wa mpaka, ukingoni mwa mto Tana, na historia yake iliufanya mpaka huo kuwa ukuta. Mwaka 1962 tume ya Waingereza iligundua kwamba Wasomali wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 sehemu hiyo ilibaki Kenya, na kabla mwezi huo haujaisha ilitangaziwa hali ya hatari. Vita vilivyoitwa vya Shifta viliendelea hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991. Hadi leo watu wa huko husikika wakisema, mtu akivuka daraja la Tana kuelekea magharibi, kwamba anakwenda Kenya. Wanaosema hivyo husema kwa utani, lakini utani huo una umri wa miongo mingi.

Katika hali hiyo jukwaa la Mogadishu lilikuwa mbali na watu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera. Kilichovuka ni sauti. Redio Mogadishu, Redio Hargeisa, idhaa ya Kisomali ya BBC iliyoanza London mwaka 1957, matangazo ya Kisomali ya Sauti ya Kenya, na baadaye kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine hadi sauti ikawa na mvumo kama wa upepo: hivyo ndivyo vyombo vilivyoleta riwaayad Kaskazini Mashariki. Uzito wa mawimbi hayo ulitambuliwa hata na serikali. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyokomesha uhasama kati ya Kenya na Somalia, yalizitaka pande zote mbili ziache propaganda ya chuki kwa njia ya redio na magazeti.

Redio na kaseti hazibebi mchezo mzima. Mchezo wa saa kadhaa hauingii katika upande mmoja wa kaseti, na nathari, ambayo ndiyo iliyoachwa huru kubadilika, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuachwa. Ulivuka wimbo. Garissa ilipata aria bila opera.

Jambo hili si geni katika historia ya uimbaji. Marian Anderson, mwimbaji Mmarekani mweusi, aliimba aria za opera katika matamasha kwa miongo mingi wakati majumba ya opera ya nchi yake yalikuwa yamefungwa kwa watu wa rangi yake. Aprili 1939, baada ya kunyimwa ukumbi mjini Washington, aliimba nje, mbele ya sanamu ya Lincoln, na miongoni mwa alivyoimba ilikuwamo aria ya Donizetti. Alikanyaga jukwaa la Metropolitan Opera kwa mara ya kwanza Januari 1955, akiwa tayari na umri wa kustaafu. Kwa miaka yote hiyo wasikilizaji wake walipokea maneno ya mhusika bila kumwona mhusika. Walimwona Anderson, na walichokisikia ni Anderson akisema juu ya nafsi yake. Pengine hawakukosea kabisa. Lakini hawakusikia alichokiandika Donizetti.

Garissa kulikuwa na tofauti moja kubwa: msikilizaji hakumwona hata mwimbaji. Alibaki na nafsi ya kwanza tupu, "mimi" isiyo na uso wala jina la mhusika, ikitoka katika kisanduku juu ya meza ya mkahawa.

Shabeelnaagood unatoa mfano mzuri. Kiini cha mchezo ni mwanamume aitwaye Shabeel, yaani chui, anayemhadaa msichana kwa ndoa ya uongo. Msichana huyo anaitwa Shallaayo, jina linalobeba maana ya majuto. Jukwaani hadhira inajua zaidi ya ajuavyo Shallaayo. Inamwona Shabeel akipanga hila, kwa hiyo mwanamke anapoimba, kila neno lake lina kivuli. Kinaya hicho ndicho kinachoufanya mchezo uwe hukumu juu ya wanaume wa mjini na juu ya jamii inayowapa nafasi. Wimbo ukitolewa humo ukapigwa peke yake, kivuli kinabaki nyuma. Yanabaki maneno ya mwanamke anayependa, au ya mwanamke anayejuta, nayo yatahesabiwa kuwa ya nani kama si ya yule anayeyaimba? Uzito wa maadili uliobebwa na mhusika unahamia kwa fanani. Hii ni sababu moja, ingawa si ya pekee, ya mwimbaji wa kike kuhukumiwa kwa ukali wanapohukumu watu ambao hawakupata kuuona mchezo. Wanamtoza deni la Shallaayo.

Itakuwa upungufu, hata hivyo, kuona hasara peke yake. Nafsi iliyoachwa tupu inaweza kujazwa. Tangu siku za balwo na heello, nyimbo zilizotangulia na kuilisha riwaayad, washairi wa Kisomali walizoea kuficha siasa ndani ya mapenzi: mpenzi aliyetengwa ni nchi iliyogawanywa, na anayemngojea ni taifa. Bendera ya Somalia, iliyobuniwa mwaka 1954, ina nyota yenye ncha 5, na mojawapo ilikusudiwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya. Kwa msikilizaji wa Mogadishu ncha hiyo ilikuwa fikra. Kwa msikilizaji wa Garissa ilikuwa ni pale alipokaa, chini ya sheria iliyomruhusu askari amkamate bila hati. Wimbo wa mtu anayemlilia aliye ng'ambo haukuhitaji kufasiriwa. Uliposikika katika mkahawa wenye wateja wa kila namna, mmoja alisikia mapenzi, mwingine alisikia mpaka, na hapana ambaye angeweza kumshitaki mwenziwe kwa alichosikia.

Hivyo kuondolewa kwa mchezo kulifanya kazi mbili zinazopingana. Kulimwanika mwimbaji kwa lawama isiyo yake, na kulimpa msikilizaji mahali pa kujificha. Nadharia zinazosisitiza muktadha wa utendaji, ambazo fasihi simulizi imezifuata kwa miaka mingi na kwa sababu nzuri, hudhani kwamba wimbo ukitengwa na muktadha wake unapungua. Garissa inaonyesha kwamba ulipungua na ukaongezeka kwa wakati mmoja, na kwamba faida na hasara hazikumwangukia mtu mmoja.

Mwimbaji mwenyewe hakuwa na pa kujificha. Maryam Mursal, aliyeanza kuimba Mogadishu akiwa kijana katika miaka ya 1960 na kuwa mmoja wa nyota wa Waaberi, aliimba mwaka 1986 wimbo uitwao Ulimada, neno ambalo Mswahili atalitambua kuwa ni ndugu wa ulamaa. Dola ilisikia fumbo lililomlenga mkuu wake, na Mursal akapigwa marufuku kuimba kwa miaka 2. Aliendesha teksi ili watoto wale. Ni vema kutua hapo kidogo. Fumbo hukingwa na wingi wa maana, na kinga hiyo humfaa mtunzi anayeweza kusema hakukusudia hivyo. Humfaa pia msikilizaji. Mwimbaji ndiye ambaye mdomo wake ulionekana ukifunguka. Vita vilipouvunja mji mwaka 1991 aliondoka na watoto wake 5, akazunguka Pembe ya Afrika kwa miezi, akafika Jibuti, na hatimaye akapata hifadhi Denmark. Kutoka huko alirudi katika uimbaji, na mwaka 1998 ikatoka albamu yake iliyoipa safari hiyo jina. Magool alifariki Amsterdam mwaka 2004. Saado Ali Warsame, ambaye wimbo wake uliotumia gari la Land Cruiser kuisuta anasa ya watawala ulisikika katika miaka ya mwisho ya Siad Barre, aliishi Marekani, akarejea, akawa mbunge mwaka 2012, na akauawa kwa risasi Mogadishu Julai 2014.

Wakati huohuo hadhira ya Mogadishu nayo ilihama, na sehemu yake kubwa ilihamia Kaskazini Mashariki. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, karibu na Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa watu 90,000. Njaa ya mwaka 2011 ilipozidi, waliokuwamo walipita 400,000. Miongoni mwao walikuwamo watu wa mjini waliopata kukaa katika viti vya Jumba la Taifa na waliojua wimbo upi ulitoka katika mchezo upi, na nani aliuimba baada ya nani kutoka jukwaani. Kwa mara ya kwanza aria na opera zilikuwa upande mmoja wa mpaka, moja katika kaseti za wenyeji na nyingine katika kumbukumbu za wageni. Magari ya aina ileile ya wimbo wa Saado yakawa yanapita kati ya kambi yakiwa na nembo za mashirika milangoni, na mtu aliyeujua wimbo hakuhitaji kuelezwa kinaya chake.

Kumbukumbu hizo zilistahili kukusanywa zikiwa bado na wenyewe. Zingine zimepata waokoaji. Kanda za Redio Hargeisa zilifichwa ardhini mwaka 1988 ili zisiteketee kwa mabomu, na mwaka 2017 baadhi ya nyimbo za enzi hiyo zilitolewa upya katika mkusanyiko uitwao Sweet As Broken Dates, uliowafikia wasikilizaji wa dunia nzima. Hiyo ni kheri kubwa. Lakini kilichookolewa ni nyimbo, na dunia sasa inazisikiliza kama Garissa ilivyozisikiliza: bila mchezo. Lile Jumba la Taifa lenyewe lilifunguliwa tena Machi 2012, na mwezi uliofuata mlipuaji wa kujitoa mhanga akaua watu ndani yake.

Upande wa Kiswahili Siti binti Saad alipata wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, na hadi leo mwanafunzi anayetaka kujua mwimbaji ni nani katika jamii ya Waswahili ana pa kuanzia. Shaaban Robert alimpa mwimbaji heshima ambayo fasihi iliwatengea watunzi na watawala: alimfanya kuwa mtu mwenye safari, mwenye maamuzi, mwenye kazi. Waimbaji wa riwaayad wanahitaji kuandikwa kwa namna hiyo, na mhakiki wa Kaskazini Mashariki, aliyekulia mahali ambapo sauti hizo zilifika zikiwa zimevuliwa kila kitu, ana sikio ambalo mhakiki wa Mogadishu hana. Anajua wimbo unafanya nini ukiwa peke yake. Kinachomkosa ni nusu ya pili, na nusu hiyo iko kwa wazee waliokuwa vijana katika viti vile, wanaopungua kila mwaka.

Atakapoanza kazi hiyo atakutana na tatizo dogo la kiufundi linaloeleza mengi. Katika kitabu cha mwaka 1974 kila wimbo wa Shabeelnaagood umewekwa chini ya jina la mhusika anayeuimba. Katika kaseti za Garissa kila wimbo uliandikwa, kwa kalamu ya wino, jina la mwimbaji.